Kilicho Bora na Kipimo Chake: Kruza za Kati na Kruza Kubwa

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa imeyarithi tangu Ugiriki ya kale bila kuyamaliza, lipo lile la kipimo cha kilicho bora: kama vitu viwili vinaweza kuwekwa katika mizani moja na kimoja kikaonekana kukizidi kingine, au kama ubora hauna budi kutajwa daima pamoja na mtu anayekitumia kitu hicho, kazi aliyonayo na mahali alipo. Swali hili kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano ya mbali, kama vile haki, uzuri na furaha, na huenda ndiyo maana mara nyingi hubaki likielea. Lakini hakuna kinachozuia kulijadili kwa kitu cha chuma chenye uzito unaojulikana na tangi linalopimika kwa lita. Pikipiki za aina ya kruza zinaifaa kazi hiyo kuliko vyombo vingi, kwa kuwa wanaozilinganisha huzitazama kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, yaani utiifu wake barabarani na kiasi cha mafuta zinachokula, kisha hutaka wapewe jibu moja.

Kruza ni pikipiki iliyosanifiwa kwa mwendo wa utulivu katika safari ndefu, ambayo kiti chake kiko chini, usukani wake ni mpana na humfuata mwendeshaji alipokaa, mahali pa kukanyagia pamesogezwa mbele, na injini yake, aghalabu yenye silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, hutoa nguvu nyingi ya msokoto hata inapozunguka polepole. Asili yake ni Marekani, katika viwanda kama Indian, iliyoanzishwa Springfield mwaka 1901, na Harley-Davidson, iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1903, ingawa baadaye Wajapani waliichukua sura hiyo na kuitengenezea matoleo ya kila kimo. Ukubwa wake hutajwa kwa ujazo wa silinda, unaohesabiwa kwa sentimita za ujazo, au cc, na siku hizi zile zinazoitwa za kati huanzia takriban cc 500 na kufikia 900, ilhali kubwa hupita 1,300, hadi Triumph Rocket 3 yenye cc 2,458, ambayo injini yake inazizidi zile za magari mengi ya familia. Mpaka huu haukuchorwa na maumbile. Sportster ya Harley-Davidson ilipotoka mwaka 1957 ikiwa na cc 883 ilihesabiwa kuwa mashine ya vijana wenye haraka, na miongo sita baadaye ujazo uleule ulikuwa ukipendekezwa kwa wanaoanza. Msomaji wa Dar es Salaam au Kampala, aliyezoea bodaboda za cc 100 hadi 150, ana haki ya kushangaa kwamba cc 500 huitwa za kati popote pale, na mshangao wake una uzito wa hoja, kwa kuwa unaonyesha kwamba neno hilo linataja nafasi ya kitu katika safu ya bidhaa tu, wala halitaji kiasi kinachotosha.

Jambo la mafuta ndilo linaloonekana jepesi, kwa sababu lina namba. Kwa takwimu za watengenezaji wenyewe, Honda Rebel 500, yenye injini ya cc 471 na uzito wa takriban kilo 190, hutumia kama lita tatu na nusu za petroli kwa kilomita 100. Harley-Davidson Iron 883, yenye kilo 256, hutumia kama lita 4.6, na Road King ya kampuni hiyohiyo, yenye injini ya takriban cc 1,750 na uzito unaopita kilo 360, hutumia kama lita tano na nusu. Anayeishia hapo atasema kwamba kubwa inakula mafuta na ya kati inabana, na atakuwa amesema kweli ambayo bado haijaeleza kitu. Injini ya Road King inakaribia kuwa mara nne ya ile ya Rebel, na uzito wake unakaribia kuwa mara mbili, ilhali mafuta yake yanazidi kwa zaidi kidogo ya nusu tu. Na pengo hilo kati ya ukubwa na ulaji ndilo linalohitaji kuelezwa.

Maelezo yake yako zaidi katika hewa kuliko katika injini. Pikipiki inapokwenda kasi ya kilomita 100 kwa saa katika barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu yake hutumika kuipasua hewa, na ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikiongezeka maradufu ukinzani huongezeka mara nne, bila kujali ujazo wa silinda. Hewa hukutana na kifua cha mtu aliyekaa wima, mabega yake na usukani mpana, na vitu hivyo havitofautiani sana kati ya kruza ya kati na kruza kubwa. Kuidumisha kasi hiyo huhitaji takriban kilowati 10, ambazo ni chini ya theluthi ya uwezo wa Rebel na sehemu ndogo zaidi ya uwezo wa Road King. Kinachobaki kimelala, na kulala huko kuna gharama yake: injini ya petroli inayoendeshwa kwa mkono mwepesi huwa kilango chake cha hewa kimefungwa karibu chote, hivyo kila pistoni inaposhuka hulazimika kuvuta hewa kupitia upenyo mwembamba, na kazi hiyo ya kuvuta hulipiwa kwa mafuta bila kuisogeza pikipiki hata hatua moja. Mafundi wa injini kubwa huipunguza hasara hiyo kwa kuipa gia ndefu, ili ikifika gia ya mwisho izunguke polepole na misuguano yake ipungue, na kwa njia hiyo kubwa hujinusuru barabara kuu ilhali mjini, ambako kila taa nyekundu huwalazimu waendeshaji kusimamisha kilo 360 na kuziondoa tena, uzito huidai bila huruma. Kwa hiyo hata namba inayoonekana kuwa mali ya chombo peke yake imekwisha kubeba ndani yake barabara, mwendo na tabia ya mkono wa anayekaza mafuta.

Aristotle alitofautisha uwezo na utendaji, akimaanisha kwa uwezo kile ambacho kitu kinaweza kuwa au kufanya, na kwa utendaji kile kinachofanyika hasa. Naye alishikilia kwamba uwezo hueleweka kwa kuutazama utendaji unaoulenga. Kwa kipimo hicho, nguvu iliyolala ndani ya Road King haina maana mpaka itajwe safari inayoiamsha, kama vile kupanda milima ya Colorado ikiwa na watu wawili na mizigo ya juma zima, hali ambayo nayo hubadili hesabu ya mafuta, kwa kuwa lita tano na nusu zikigawanywa kwa watu wawili kila mmoja hubebwa kwa chini ya lita tatu, pungufu ya zile anazotumia mtu aliye peke yake juu ya Rebel. Tangi nalo huleta kinyume kingine: la Rebel huchukua lita 11.2 na la Road King lita 22.7, hivyo ile inayokula sana ndiyo inayoweza kupita kilomita 400 kabla ya kutafuta kituo cha mafuta, ilhali inayobana huishia karibu na 320. Hata hivyo, utetezi huu wa kubwa usipewe zaidi ya stahili yake. Robert Pirsig, aliyechapisha mwaka 1974 kitabu kinachojulikana sana kuhusu falsafa na utunzaji wa pikipiki, aliifanya safari yake ya mwaka 1968 kutoka Minnesota hadi California akiwa amempakia mwanawe nyuma, pamoja na mizigo, juu ya Honda ya cc 305. Safari ile haikuihitaji kubwa. Aliyeihitaji, kama yupo, ni msafiri mwingine mwenye raha nyingine.

Utiifu ni jambo gumu zaidi kulitaja, na ndiko falsafa inakopata kazi. Kwa utiifu hapa inakusudiwa namna pikipiki inavyoitikia mkono na mwili wa anayeiendesha: inaanza kupinda kwa wepesi gani, inashika mstari wake kwa uthabiti gani katikati ya kona, na inamtaka mtu nguvu kiasi gani anapogeuza mahali pembamba. Dhana iliyozoeleka ni kwamba nyepesi huwa tiifu na nzito huwa kaidi. Fizikia haiikubali dhana hiyo moja kwa moja. Pikipiki inayopinda hulazimika kulala upande wa kona, na pembe ya kulala hutokana na kasi, ukali wa kona na mvutano wa dunia peke yake. Uzito haumo katika hesabu hiyo, kwa sababu huongeza kwa kiwango kilekile nguvu inayotaka kuisukuma pikipiki nje na nguvu inayoivuta chini. Katika kona yenye nusukipenyo cha mita 50, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, pembe hiyo hukaribia digrii 30, na tairi pana huitaka iongezeke kidogo. Sasa, Iron 883, kwa vipimo vya mtengenezaji wake, huanza kukwaruza vyuma vyake kwenye lami inapolala digrii 27 au 28, kwa kuwa imetengenezwa chini sana ili ipendeze na ili miguu ya wafupi ifike ardhini, ilhali Road King huweza kulala takriban digrii 32. Katika kona hiyo, basi, nyepesi inapiga kelele ya chuma na kulazimika kupunguza mwendo, na nzito inapita kimya. Yeyote aliyekuwa tayari kuandika kwamba ya kati hukata kona vizuri zaidi anapaswa kusubiri aambiwe ni ya kati ipi.

Uzito una mahali pake, lakini mahali penyewe ni kwingine. Hujitokeza pikipiki inapokuwa karibu kusimama, pale ambapo magurudumu hayana tena kasi ya kujisaidia na mwendeshaji ndiye anayebaki kuwa nguzo: kwenye maegesho yenye mteremko, kwenye changarawe, au anapolazimika kuirudisha nyuma kwa miguu. Kilo 360 zikianza kuinama upande, mguu wa mtu wa kawaida hauzizuii baada ya kupita pembe fulani, na wajuzi hujifunza mapema kuiachia ianguke wala wasijivunje. Kasi ikishapanda, umbo la chombo huchukua nafasi ya uzito. Mhimili wa usukani, ukiendelezwa kwa mstari wa kufikirika mpaka ardhini, hugusa lami mbele kidogo ya mahali tairi la mbele linapoigusa, na umbali kati ya alama hizo mbili, unaoweza kuitwa mburuto kwa kuwa tairi huburutwa nyuma ya mhimili wake kama gurudumu la kiti cha ofisini, ndio unaolirudisha gurudumu kwenye mstari ulionyooka kila linapoyumba. Kwenye Rebel mburuto ni milimita 110, na kwenye Road King ni 170, na pia umbali kati ya ekseli mbili ni mrefu zaidi kwa kubwa. Mburuto mrefu huipa pikipiki ushupavu wa kushika njia siku ya upepo wa ubavuni na huifanya iwe nzito kugeuza mjini. Mfupi hufanya kinyume. Mhandisi hawezi kupata vyote viwili kwa wakati mmoja, na huo si upungufu wa ufundi, kwa sababu uthabiti na wepesi ni pande mbili za sifa moja inayovutwa huku na huku.

Kuna hali ya ajabu zaidi, ambayo waendeshaji huiishi kila siku bila kuijua. Kwa mwendo wowote unaopita ule wa kutembea, anayetaka kwenda kushoto husukuma mbele upande wa kushoto wa usukani, gurudumu huelekea kulia kwa kitambo kidogo, pikipiki hulala kushoto, kisha ndipo hupinda kushoto. Wilbur Wright, aliyekuwa mtengenezaji wa baiskeli kabla ya kuruka angani, aliwauliza waendesha baiskeli wengi jinsi wanavyopinda, wala hakumpata aliyeeleza sawasawa mara ya kwanza, ijapokuwa wote walikuwa wakipinda salama. Michael Polanyi, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu maarifa ya nafsi, aliuchukua mfano wa baiskeli kuonyesha kwamba mtu anaweza kuifuata kanuni ambayo hajawahi kuisikia, ile inayosema kwamba kwa kila pembe ya kuinama, ukali wa kona hupungua kadiri mraba wa kasi unavyokua, na kwamba kuisoma kanuni hiyo hakumfundishi mtu kuendesha. Maarifa ya namna hii hukaa mwilini, katika viganja na nyonga, na kila mashine huyatengeneza kwa namna yake. Aliyezoea Road King kwa miaka mingi akipanda Rebel huihisi kuwa na wasiwasi, ikikurupuka kwa kila mguso. Aliyezoea Rebel akipanda Road King huihisi haimsikii. Hakuna kati yao anayedanganywa na hisia zake, na hakuna anayetaja sifa iliyomo ndani ya chuma peke yake.

Hapa ndipo Pirsig hufaa tena, maana alidai kwamba ubora haukai ndani ya kitu wala ndani ya akili ya mtazamaji, bali katika kukutana kwao. Dai hilo linauelezea utiifu vizuri kuliko maelezo mengine yanayopatikana, lakini linaacha jambo moja nyuma. Utiifu, isipokuwa pale unapohusu usalama wa wengine barabarani, humkuta mwendeshaji na chombo chake, na wawili hao wakiridhiana shauri limekwisha. Mafuta hayaishii kwao. Kila lita ya petroli inayochomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni, na tofauti ya lita mbili kwa kilomita 100, katika mwendo wa kilomita 10,000, huwa lita 200 na kilo 460 za hewa hiyo, ambazo huingia katika anga ya watu wote, wakiwamo wasioijua kruza hata kwa picha. Kosa la majedwali yanayoweka alama ya utiifu na alama ya mafuta katika safu mbili zinazofanana, kisha kuzijumlisha, si kwamba yamekosea hesabu, bali yanajumlisha raha ya mtu na deni lake kwa wengine kana kwamba ni fedha ya nchi moja.

Je, ya kati basi ndiyo ya mwadilifu? Wengi huvutwa na jibu hilo kwa sababu tu ina jina la katikati, na maadili ya Aristotle, yanayojulikana kwa kusifu hali ya kati, huitwa kuwa shahidi. Lakini shahidi huyo anapofika husema jambo jingine. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, alitenga kati ya hesabu, ambayo ni moja kwa watu wote, na kati inayotuhusu sisi, ambayo si moja: ikiwa ratili kumi za chakula ni nyingi mno na mbili ni chache mno, mkufunzi wa wanariadha hatamwamuru kila mtu ale sita, kwa kuwa sita zitakuwa haba kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, na nyingi kwa anayeanza mazoezi. Kruza ya cc 800 ni ile sita. Huenda ikawa haba kwa watu wawili wanaovuka majimbo matatu, na huenda ikawa nyingi kwa aendaye kazini kilomita kumi peke yake, ambaye Rebel yenyewe inamzidi.

Wanazuoni wa Kiislamu walilikaribia suala hili kwa utengano mwingine ulio mkali zaidi, na al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliutaja kwa ufupi wenye manufaa: israfu ni kutojua kiasi cha haki, na ubadhirifu ni kutojua mahali pa haki. Mtu wa kwanza anatoa panapostahili lakini anazidisha. Wa pili anatoa pasipostahili, hata kama alichotoa ni kidogo. Anayeendesha Road King akiwa na mwenzake kwenye safari iliyoihitaji, kisha akaiendesha kwa kasi inayoongeza ukinzani wa hewa bila sababu, yuko upande wa israfu, na dawa yake iko mkononi mwake, kwa kuwa kupunguza kasi kutoka kilomita 120 hadi 100 hupunguza ukinzani huo kwa takriban asilimia 30. Anayeinunua pikipiki hiyohiyo kwa ajili ya kwenda dukani, akiiwekea akiba ya nguvu safari ambayo haikupangwa wala haitapangwa, hawezi kuponywa kwa kupunguza kasi, kwa kuwa kosa lake haliko katika kiasi. Lakini pia mwenye Rebel, anayeisifu kwa kubana mafuta na kwa sababu hiyohiyo akaizungusha mjini kila jioni bila safari, amesogea kwenye kundi la pili akiwa na risiti ndogo za mafuta mfukoni.

Kipimo hicho hubadilika hata kwa mtu mmoja, jambo ambalo Aristotle aliliacha wazi alipomtaja anayeanza mazoezi, ambaye baada ya miaka hatakuwa tena anayeanza. Kijana hujifunzia ya kati kwa kuwa humsamehe anaposimama vibaya kwenye mteremko. Akipata ujuzi na mwenzi wa safari, kubwa humfaa, na utulivu wake barabara kuu humpunguzia uchovu. Kisha magoti yakianza kulalamika kwenye taa nyekundu, huirudia ya kati. Katika hatua zote tatu anaweza kuwa amechagua vema, ilhali Rebel na Road King zenyewe hazikubadilika uzito wala ulaji wa mafuta.